Farasi wa Sayyid Said, Simba wa Tangier na Jibini la Ikulu: Vituko vya Zawadi za Marais wa Marekani

Watu wa pwani twaijua adabu ya zawadi. Mtu akenda kumtazama mwenziwe hapigi hodi mikono mitupu. Akikosa kingi huja na kidogo, hata ikiwa ni chane ya ndizi au kifurushi cha tende. Na mwenyeji naye hakirudishi alicholetewa, maana kurudisha zawadi ni kumrudisha aliyeileta. Basi hebu fikiri, ndugu msomaji, mtu mkubwa wa nchi kubwa, mwenye askari na manowari, aletewe farasi wawili wa Kiarabu, kisha sheria ya nchi yake imwambie: "Hao si wako, usiwaguse!"

Hayo ndiyo yaliyompata Martin Van Buren, Rais wa 8 wa Marekani, mwaka 1840. Na aliyempelekea farasi hao hakuwa mgeni kwetu. Alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja.

Habari za Marais wa Marekani tumezoea kuzisoma kwa upande wa vita na siasa. Leo tuyaweke hayo kando, tuzunguke nyuma ya Ikulu yao, pale mizigo inaposhushwa, tuone waliletewa nini na walifanya nini. Mna ya kuchekesha humo, na mna jambo moja ambalo si la kuchekesha hata kidogo.

SHERIA YA KATIBA

Wamarekani walipoandika Katiba yao mwaka 1787 walikuwa na hofu moja kubwa. Walikuwa wametoka chini ya mfalme wa Uingereza juzi tu, na waliona jinsi wafalme wa Ulaya walivyokuwa wakiwalainisha mabalozi kwa vitu vya thamani. Benjamin Franklin alipokuwa balozi Ufaransa alipewa na Mfalme Louis wa 16 kijaluba cha tumbaku ya kunusa kilichozungushiwa almasi tele. Tumbaku ni kitu kidogo, lakini kijaluba chenyewe kilitosha kumfanya mtu asahau alitumwa na nani.

Kwa hiyo wakaweka sharti ndani ya Katiba: mwenye cheo serikalini asipokee zawadi wala malipo wala cheo kutoka kwa mfalme au dola ya kigeni, ila kwa ridhaa ya Bunge lao, yaani Congress. Sheria ni nzuri, lakini waliosahauliwa ni wafalme wa mbali. Hao hawakusoma Katiba ya Marekani. Wao walijua adabu tu, na adabu ni kutoa.

MERIKEBU YA AL-SULTANA

Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Rais Andrew Jackson, alifika Maskati akatia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said. Tokea hapo merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikawa haziishi kutia nanga Unguja. Zilileta kitambaa cha pamba ambacho wazee wetu walikiita merikani, kwa jina la nchi kilikotoka, na zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters, akakaa Unguja.

Sayyid Said hakuwa mtu wa kukaa akingojea kuletewa. Mwaka 1840 alituma merikebu yake mwenyewe, Al-Sultana, mpaka New York. Ilifika tarehe 30 Aprili. Mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Na'aman, na watu wa New York walimiminika bandarini kutazama mabaharia wenye vilemba na merikebu iliyonukia karafuu na kahawa. Mchoraji mmoja akamchora Ahmad bin Na'aman kwa rangi, na picha yake imehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho huko Salem.

Pamoja na shehena ya biashara, merikebu ilichukua zawadi za Rais: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mafuta ya waridi, shali za Kashmiri, zulia la Kiajemi na upanga uliopambwa kwa dhahabu. Van Buren alijibu kwa maneno ya heshima kwamba sheria ya nchi yake haimruhusu kuvipokea. Lakini je, merikebu iliyovuka bahari mbili irudishwe na farasi wake? Hiyo ingekuwa aibu. Ikabidi Rais apeleke habari kwenye Bunge, na wabunge wakakaa wakajadiliana juu ya farasi na chupa za mafuta ya waridi kama wanavyojadiliana juu ya vita.

Mwisho ikaamuliwa kwamba zawadi ni za taifa, si za Rais. Farasi wakauzwa kwa mnada, na vitu vingine vikahifadhiwa na serikali. Al-Sultana nayo, ambayo ilikuwa imechoka kwa safari, ikatengenezwa bila ya malipo na karakana ya manowari za Marekani, ikapakiwa zawadi za kujibu, ikarudi nyumbani. Hapo walau adabu ilitimizwa pande zote mbili. Ila Van Buren mwenyewe hakubakiwa hata na harufu ya waridi.

SIMBA CHUMBANI

Masikini Van Buren! Kama kwamba farasi hawakumtosha, Sultani wa Morocco alikuwa ameshampelekea simba wawili, dume na jike. Mwaka 1839 msafara wa askari ulifika kwenye nyumba ya balozi mdogo wa Marekani mjini Tangier, jina lake Thomas Carr, ukiwa na simba hao. Carr alieleza habari za Katiba. Akaeleza tena. Mkuu wa msafara akamsikiliza, kisha akamjulisha kwamba yeye ameamrishwa kukabidhi simba, na akikataliwa mlango atawafungulia hapo hapo njiani.

Mbele ya hoja kama hiyo hakuna sheria inayosimama. Carr aliwafungulia simba chumba ndani ya nyumba yake, akakaa nao miezi akiwalisha na kuandika barua kwao Marekani kuomba msaada. Hatimaye walipakiwa merikebuni, wakapelekwa Philadelphia, wakauzwa kwa mnada kama farasi wa Sayyid Said.

Na la kustaajabisha zaidi, Van Buren huyu aliyeandamwa na zawadi za wafalme ndiye Rais pekee wa Marekani ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza. Nyumbani kwao walisema Kiholanzi, na Kiingereza alijifunza baadaye.

JIBINI LILILONUKIA IKULU

Si wafalme tu waliowatia Marais mashakani, hata raia wao. Siku ya kwanza ya mwaka 1802 wakulima wa mji wa Cheshire, Massachusetts, walimpelekea Rais Thomas Jefferson jibini moja la uzito wa ratili 1,235, lililotengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe kiasi cha 900. Katiba haikumkataza kitu cha raia wake, lakini Jefferson alikuwa na desturi ya kutopokea zawadi akiwa katika cheo. Akatoa dola 200 akalipa. Jibini likawa lake kwa haki, akabaki na kazi ya kulila.

Andrew Jackson hakuwa na taabu hiyo. Naye aliletewa jibini, tena kubwa kulishinda lile la Jefferson, la ratili 1,400. Akaliacha likae katika ukumbi wa Ikulu kwa zaidi ya mwaka mzima. Tarehe 22 Februari 1837, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, akafungua milango na kuwaalika watu wote waje wale. Walikuja kwa maelfu, na kwa muda wa saa 2 jibini lote likawa limekwisha. Kilichobaki ni mazulia yaliyokanyagwa jibini na harufu iliyoganda ukutani. Na aliyehamia katika nyumba ile mwezi uliofuata ni nani? Ni yule yule Martin Van Buren.

CHAKULA KIKANGOJA MAGHARIBI

Jefferson tumkumbuke kwa jambo jingine pia. Alipokuwa mwanafunzi wa sheria, mwaka 1765, alinunua tafsiri ya Qur'ani kwa Kiingereza, kazi ya George Sale. Nakala yake ingali imehifadhiwa katika maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka 2007 Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge hilo, aliitumia katika sherehe ya kiapo chake.

Mwaka 1805 alifika Washington mjumbe wa Bey wa Tunis, Sidi Soliman Mellimelli, kusuluhisha ugomvi wa merikebu zilizotekwa baharini. Jefferson akamwalika kwa chakula tarehe 9 Desemba. Desturi ya Ikulu ilikuwa kula alasiri, saa tisa na nusu. Lakini ilikuwa mwezi wa Ramadhani, na mgeni alikuwa amefunga. Rais akabadilisha kadi za mwaliko, wageni wakaarifiwa kwamba chakula kitakuwa jua linapokuchwa, si kabla. Wakubwa wa Washington, ambao hawakufunga, wakasubiri na njaa zao mpaka Magharibi. Hiyo yahesabiwa kuwa ndiyo futari ya kwanza kuandaliwa katika Ikulu ya Marekani, ingawa mwenye nyumba hakuwa na nia ya kuanzisha desturi. Alikuwa akimsitahi mgeni tu.

Mellimelli naye hakuja mikono mitupu. Alileta farasi wa Kiarabu. Jefferson akaona dawa ni kuwauza, na fedha zisaidie gharama za kumkirimu mgeni mwenyewe. Kwa hesabu hiyo, mgeni alijilisha kwa farasi wake bila ya kujua.

TEMBO, KIBOKO NA MBWA

Mfalme Mongkut wa Siam, nchi iitwayo leo Thailand, alisikia kwamba Marekani hakuna tembo. Akasikitika sana. Mwaka 1861 akaandika barua kwamba yu tayari kupeleka tembo wawili wawili, waachwe katika misitu ya Marekani wazaane, kisha wafae kwa kazi ya kubeba mizigo. Barua ilipofika Rais alikuwa Abraham Lincoln, na nchi imekwisha pasuka kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lincoln alijibu mwezi wa Februari 1862 kwa upole, akashukuru, akaeleza kwamba hali ya hewa ya nchi yake haiwafai tembo, na kwamba kazi ya kuchukua mizigo kwao hufanywa na mashine za mvuke.

Calvin Coolidge, aliyetawala tangu 1923 hadi 1929, alikuwa maarufu kwa kutosema. Yahadithiwa kwamba bibi mmoja aliyeketi karibu naye karamuni alimwambia, "Nimewekeana dau na mtu kwamba nitakutoa maneno zaidi ya mawili." Coolidge akamjibu, "Umeshindwa." Basi kwa mtu huyu mkimya ndiko wanyama walikopelekwa kwa wingi kabisa. Mwaka 1927 tajiri wa mipira, Harvey Firestone, alimletea kiboko mdogo kutoka Liberia. Akaishia bustani ya wanyama ya Washington. Mwaka uliotangulia alikuwa ameletewa rakuni, mnyama wa mwituni mwenye mkia wa milia, ili achinjwe na kuliwa siku ya sikukuu. Rais na mkewe hawakuwa na hamu ya nyama hiyo. Wakamwita jina Rebecca, wakamvika ukanda shingoni, akakaa Ikulu.

Na mwaka 1961, siku za uhasama mkali baina ya Marekani na Urusi, Nikita Khrushchev alimpelekea Rais John Kennedy mbwa mdogo mweupe, Pushinka, ambaye mamake alikuwa amerushwa angani na Warusi mwaka 1960. Kwetu sisi mbwa ndani ya nyumba ni jambo la kufikiria mara mbili. Wamarekani nao walifikiri mara mbili, lakini kwa sababu nyingine: walimpima mbwa mwili mzima wasije wakakuta amefichwa chombo cha kupelelezea! Alipoonekana safi aliruhusiwa kuingia, na baadaye akazaa watoto wanne na mbwa wa Ikulu.

BWANA MKUBWA ATIA NANGA KILINDINI

Theodore Roosevelt alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kuacha urais. Alikuja kuwinda pamoja na mwanawe Kermit. Kutoka Mombasa alipanda garimoshi kwenda bara, lakini behewa la heshima hakulitaka. Alikaa nje, mbele kabisa ya kichwa cha garimoshi, kwenye kiti kilichofungwa hapo, apate kutazama wanyama.

Watu wa msafara walimpa jina, naye akaliandika kitabuni kwa masikio ya kigeni: "Bwana Makuba". Tuseme tumemfahamu, alikusudia Bwana Mkubwa. Kermit, kijana wa miaka 19, aliitwa Bwana Maridadi. Na yasemekana nyuma ya mgongo wapagazi walikuwa na jina jingine la mzee, walimwita Bwana Tumbo. Hilo, kwa aliyeona picha zake, halihitaji tafsiri.

Roosevelt alipenda kusoma kupita kiasi. Alichukua vitabu kiasi cha 60 porini, na ili visiharibiwe na jasho na mvua, vyote vilitiwa majalada ya ngozi ya nguruwe. Sanduku lao lilikuwa mzigo wa mtu mmoja. Miongoni mwa watu wa msafara walikuwamo Waswahili wa pwani, Waislamu. Je, Bwana Mkubwa alipata kuwaza ni nani atakayejitwika elimu hiyo kichwani?

Yeye na mwanawe waliua wanyama 512. Wengi walikaushwa na kupelekwa nyumba ya makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Hizo zilikuwa zawadi zake yeye kwa nchi yake, na hizo hakuna aliyeuliza ridhaa ya Bunge, wala ya wenye nchi zilikotoka.

MWANA WA ALMAMI

Sasa tufike pale nilipoahidi, pasipochekesha.

Mwaka 1788 alitekwa vitani kijana mmoja wa Kifulani, Abdulrahman, mwana wa Almami Ibrahima Sori, mtawala wa Futa Jallon katika nchi ya Guinea ya leo. Alikuwa amesoma, anajua Kiarabu. Aliuzwa, akavushwa bahari, akaangukia shamba la pamba na tumbaku huko Natchez, Mississippi. Akakaa utumwani miaka 40.

Mwaka 1807 alikuwa sokoni akiuza mboga, akapita Mzungu mmoja, daktari, wakatazamana. Daktari yule, John Cox, zamani alipotea pwani ya Afrika akiwa mgonjwa, na aliyemchukua akamuuguza nyumbani kwake miezi mingi alikuwa babake Abdulrahman. Mgeni wa baba amkuta mwana wa mwenyeji wake akiwa mtumwa! Cox alijaribu kumnunua amwache huru. Mwenye shamba akakataa.

Miaka ikapita. Mwaka 1826 Abdulrahman aliandika barua kwa Kiarabu. Wakubwa, kwa kuona maandishi ya Kiarabu tu, wakadhani ni mtu wa Morocco, wakaipeleka huko. Sultani wa Morocco akaomba aachiliwe. Serikali ya Rais John Quincy Adams, ikitaka kumridhisha Sultani, ikashughulika, na mwaka 1828 akaachwa huru, kwa sharti aondoke Marekani. Alikutana na Rais mwenyewe mwezi wa Mei mwaka huo. Mkewe alikombolewa kwa michango ya watu, lakini watoto wao walibaki utumwani, na serikali haikuwakomboa.

Alipokuwa akizunguka miji kutafuta fedha za kuwakomboa, Wakristo walimwomba awaandikie Sala ya Bwana kwa Kiarabu. Akaandika kwa hati nzuri, wakashukuru, wakaihifadhi. Alichoandika ni Alhamdu, tangu mwanzo hadi mwisho. Alifika Liberia mwaka 1829 na kufa huko mwezi wa Julai mwaka ule ule, asiwahi kuiona Timbo kwao. Baadhi ya watoto wake walikombolewa baada ya kufa kwake.

Linganisha, ndugu msomaji. Miaka 12 baadaye Bunge lile lile lilikaa kujadili farasi wawili wa Sayyid Said, wasije wakaitia doa serikali. Na mjini Washington penyewe, siku hizo, watu walikuwa wakinunuliwa na kuuzwa. Sheria iliona hatari katika shanga za lulu, wala haikuiona katika pingu.

YANGALI YALE YALE

Usidhani mambo haya yamekwisha. Mwezi wa Mei 2025 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitangaza kuipokea ndege aina ya Boeing 747 kutoka kwa Qatar, itengenezwe ili imchukue Rais Donald Trump. Yakazuka mabishano yale yale ya siku za Van Buren: zawadi hii ni ya nani, na je, Bunge limeridhia? Tofauti ni kwamba ndege hailishwi majani.

Sisi tumeamrishwa tupeane zawadi ili tupendane. Lakini tumefundishwa na jingine. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimtuma mtu kukusanya zaka. Aliporudi akasema: hizi ni zenu, na hizi nimepewa mimi zawadi. Mtume akasimama mimbarini akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa babake au mamake, aone kama zawadi zingemfuata huko. Kipimo hicho kiliwekwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Katiba ya Marekani, na ni kifupi kuliko sheria yoyote. Farasi walipelekewa kiti, si Van Buren. Simba walipelekewa kiti. Kila mwenye cheo, awe Washington au awe kwetu, kitu kikipigishwa hodi mlangoni kwake na ajiulize: ningekuwa nimekaa barazani kwa mamangu, hiki kingeniijia?